Madini Yamo Sahanini: Mwongozo wa Kupanga Mlo kwa Mkazi wa Mombasa

Mbaazi za nazi na mahamri ni kiamshakinywa cha kushiba. Mbaazi zina chuma, zinki, magnesiamu na potasiamu; unga wa mahamri, ukiwa ni wa paketi, umeshaongezwa chuma na zinki kiwandani, kwa kuwa sheria ya Kenya inalazimisha hivyo tangu 2012. Kisha inakuja chai, ya maziwa au ya mkandaa isiyo na maziwa, ikanywewa tonge kwa tonge. Tanini iliyomo ndani ya chai hushikana na kile chuma tumboni, na sehemu yake kubwa hutoka bila mwili kufaidika. Hivyo ndivyo mtu anavyoweza kula vizuri kila siku, na siku akipimwa damu akaambiwa iko chini.

Wengi wakishaambiwa hivyo hukimbilia chupa za dawa ya kuongeza damu. Kabla ya kufika huko, kuna kazi ya kufanya jikoni. Mji huu una bahari, una masoko ya Kongowea na Marikiti, na mboga za majani bado zapatikana kwa bei ya mtu wa kawaida. Kinachopungua nyumba nyingi ni mpango: kipi kiliwe na kipi, kipi kisubiri, kipi kipunguzwe.

Madini ninayoyasema ni chuma, kalsiamu, zinki, iodini, magnesiamu, potasiamu, sodiamu na mengineyo. Mwili hauwezi kuyatengeneza. Mmea huyanyonya ardhini, samaki huyapata majini, nasi huyapata kwao. Mtu mzima ana takriban kilo moja ya kalsiamu, karibu yote ikiwa kwenye mifupa na meno. Chuma chake ni kama gramu 4 tu, na kingi kimo kwenye damu kikibeba oksijeni. Iodini ni miligramu 15 hadi 20 pekee, lakini ikikosekana tezi ya shingo huvimba ikawa rovu, na mtoto aliye tumboni hudhurika ubongo.

Hatua ya 1: Pima damu kabla ya kuitibu

Uchovu usioisha, kizunguzungu ukisimama, moyo kwenda mbio ukipanda ngazi, weupe ndani ya kope la chini: ukiona hayo, shuku upungufu wa damu. Hamu ya kula udongo, barafu au mchele mbichi nayo imo katika orodha hiyo. Udongo wa kula unaouzwa sokoni hupendwa sana na wajawazito, na mara nyingi nyuma ya hamu hiyo mna upungufu wa chuma. Udongo wenyewe huongeza tatizo, maana huzuia chuma kisifyonzwe na huweza kuingiza mayai ya minyoo. Mama akiwa na hamu hiyo asifichwe wala asichekwe. Apelekwe akapimwe.

Kipimo cha kuanzia ni himoglobini, ile sehemu ya damu yenye chuma inayobeba oksijeni. Mwanamke asiye na mimba akiwa chini ya gramu 12 kwa desilita, mjamzito chini ya 11, na mwanamume chini ya 13, wote huhesabiwa kuwa na upungufu wa damu. Ikiwezekana omba na kipimo cha feritini, kinachoonyesha akiba ya chuma, kwa sababu akiba huisha kabla damu haijashuka. Usipime feritini ukiwa na homa. Huwa inapanda na kukudanganya.

Majibu yakitoka, uliza sababu. Pwani kuna sababu ambazo chakula peke yake hakiziponyi: minyoo ya safura wanaonyonya damu utumboni, kichocho kinachowatoa watoto damu kwenye mkojo, malaria, hedhi nzito. Mwanamume mzima, au mama aliyekwisha kukoma hedhi, akipungukiwa chuma lazima achunguzwe tumbo, kwani huenda anavuja damu ndani kidogo kidogo. Na mwenye selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, anayeongezewa damu mara kwa mara huenda ana chuma kingi kupita kiasi, hata kama himoglobini yake iko chini. Huyo asipewe chuma ila kwa amri ya daktari wake.

Tahadhari hii si ya kubuni. Hapo Pemba, ng'ambo tu ya mpaka, ulifanywa utafiti mkubwa uliochapishwa 2006. Watoto wadogo katika eneo lenye malaria nyingi walipewa chuma na asidi ya foliki kila siku bila kupimwa kwanza, na waliolazwa hospitalini au kufariki miongoni mwao walizidi wale wasiopewa. Sehemu hiyo ya utafiti ikasimamishwa. Lakini watoto waliokuwa na upungufu wa chuma na wa damu kweli, waliofuatiliwa kwa karibu, walifaidika. Kwa hiyo mzazi asinunue sharubati ya chuma dukani kwa kuona tu mtoto amechoka au anakula kidogo. Apimwe damu, apimwe malaria, alale ndani ya chandarua.

Hatua ya 2: Ipe chai saa yake

Hii ndiyo hatua ninayoithamini kuliko zote, kwani haigharimu hata shilingi.

Sikwambii uache chai. Nakwambia usiinywe pamoja na chakula ulichokitegemea kwa chuma. Acha saa moja ipite baada ya kula, na zikiwa mbili ni bora zaidi. Kahawa ni vivyo hivyo. Kahawa chungu ya jioni barazani, inayonywewa na kashata mbali na mlo, haina ubaya wowote kwa chuma. Usidhani pia kwamba maziwa yanaiondolea chai kosa lake. Kalsiamu ya maziwa nayo hushindana na chuma.

Njia rahisi ni kuchagua mlo mmoja wa siku uwe ndio mlo wa chuma, na mlo huo usisogelewe na chai. Ikiwa asubuhi yako ni boflo na siagi, kunywa chai yako kwa raha, kwani hapo hupotezi chuma cha maana. Mlo wa chuma uwe mchana: wali, kunde au samaki, mboga, na kachumbari yenye ndimu. Ikiwa asubuhi yako ni mbaazi, basi chai inyweke ukiamka alfajiri na mbaazi ziliwe baadaye, au mbaazi ziliwe na juisi ya chungwa au maji ya ndimu, na chai ihamie saa nne kazini.

Mwezi wa Ramadhani, futari nyingi hukusanya mbaazi, nyama, viazi na birika la chai kwa pamoja. Fungua kwa tende na maji, kula, kisha chai iwe baada ya tarawehe. Ni badiliko dogo, nalo humfaa zaidi mama mwenye hedhi nzito na msichana anayekua.

Mtoto mchanga asipewe chai kabisa. Boflo lililochovywa kwenye mkandaa linamshibisha tumbo na kumnyima damu.

Hatua ya 3: Tafuta chuma, kamulia ndimu

Chuma cha chakula ni cha aina mbili. Kile cha nyama, maini, kuku na samaki mwili hukipokea kwa urahisi, kama asilimia 15 hadi 35 yake. Kile cha kunde, nafaka na mboga za majani hupokewa kidogo, mara nyingi chini ya asilimia 10. Gramu 100 za maini ya ng'ombe yaliyopikwa zina takriban miligramu 6, nyama ya kawaida 2 hadi 3, na kikombe cha kunde zilizoiva kama 4. Mwanamke wa umri wa kuzaa anahitaji kama miligramu 18 kwa siku, mwanamume 8 tu. Tazama tofauti hiyo, kisha ujiulize ni nani nyumbani kwako anayepakuliwa kipande kikubwa cha nyama.

Huna haja ya nyama nyingi. Kipande kidogo cha samaki au nyama kikiliwa pamoja na kunde husaidia hata chuma cha zile kunde kiingie. Dagaa waliosagwa wakatiwa kwenye mchuzi wa pojo hufanya kazi hiyo kwa pesa kidogo.

Na juu ya hapo weka vitamini C. Pwani tumejaliwa: ndimu, malimau, machungwa, mapera, embe, ubuyu. Ndimu ikamuliwe chakula kikishaepuliwa, kwani moto huiharibu vitamini C. Matembele, kisamvu, mnavu na mchicha vikiliwa na kachumbari ya nyanya na ndimu huwa si mboga zile zile. Mwenye karai la chuma pia alitumie, hasa kwa mchuzi wenye nyanya au ukwaju. Asidi hutoa chuma kidogo kwenye karai lenyewe. Sufuria ya alumini haina faida hiyo.

Biti, na vinywaji vyekundu kwa jumla, vimepewa sifa ya kuongeza damu kwa ajili ya rangi yao. Biti ni chakula kizuri, lakini gramu 100 zake hazifikishi hata miligramu moja ya chuma. Pesa hiyo nunua dagaa.

Mjamzito asifanye maini kuwa kitoweo cha kila siku, kwa sababu yana vitamini A nyingi mno kwa mtoto aliye tumboni. Samaki aliyeiva vizuri, nyama na kunde zamtosha, pamoja na vidonge anavyopewa kliniki.

Hatua ya 4: Loweka, chachusha, otesha

Mbaazi, maharagwe, pojo na nafaka nzima zina asidi ya fitiki, ambayo hukamata chuma na zinki. Loweka usiku kucha, mwaga yale maji, pika kwa maji mapya. Pojo ziote kidogo kabla ya kupikwa. Uji wa kuchacha unashinda uji wa papo hapo. Hamira nayo hupunguza asidi hiyo, kwa hiyo mahamri yaliyoumuka vizuri ni bora kuliko chapati kwa upande huu.

Magadi ya kulainishia maharagwe na mboga, acha. Yanaongeza sodiamu, na yale ya Ziwa Magadi yana floridi nyingi inayoweza kuyatia meno ya watoto madoa. Maharagwe yaliyolowekwa huiva bila magadi.

Hatua ya 5: Chumvi, ndani ya kopo na nje ya kopo

Chumvi ina mambo mawili yanayovutana, na wengi hushika moja wakasahau la pili.

La kwanza ni iodini. Kenya imeifanya lazima chumvi ya kula iongezwe iodini. Chumvi ghafi ya majaruba, kama ile inayovunwa pwani ya kaskazini huko Gongoni, haina iodini ya kutosha kabla haijaongezwa kiwandani, ingawa imetoka baharini. Kwa hiyo chumvi ya mawe ya kupimiwa kwenye gunia ifae kukaushia samaki. Ya kupikia iwe ya paketi yenye maandishi kwamba imeongezwa iodini. Na hapa hewa yetu ya unyevu ina kesi yake: chumvi ikiachwa wazi karibu na jiko huloana, na iodini hutoroka. Itie kwenye kopo lenye kifuniko, mbali na moto na jua, na uitie chakulani karibu na kuepua. Mwenye kula samaki wa baharini mara kwa mara, changu, tafi au kolekole, anapata iodini na seleni pia.

La pili ni sodiamu. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, na hiyo ni pamoja na ile iliyofichika kwenye boflo, kachiri, bhajia, achari na vipande vya kiungo cha mchuzi. Kuna njia ya kujipima bila mizani. Andika tarehe kwenye paketi ya nusu kilo siku unayoifungua. Familia ya watu wazima sita wanaokula gramu 5 kila mmoja wataimaliza kwa siku 16 au 17. Kwa kuwa chumvi nyingine tayari imo kwenye vya kununua, na watoto wanatakiwa wale pungufu, paketi ingefaa idumu wiki 3 na zaidi. Ikiisha kwa siku 10, jikoni mna tatizo la presha hata kama hakuna aliyepimwa.

Ng'onda na papa mkavu viloweke na kumwaga maji mara mbili kabla ya kuviunga, na usitie chumvi nyingine mpaka uonje. Kopo la chumvi lisiletwe mezani.

Tena kuna maji. Kisiwani na sehemu nyingi za Kisauni na Likoni, visima vina maji ya chumvi. Ya kuogea na kufulia ni sawa, lakini ya kunywa na kupikia tafuta maji matamu, hasa kwa mwenye presha, mjamzito na maziwa ya kopo ya mtoto. Ukipikia wali kwa maji ya kisima, ile chumvi ya kisima nayo ihesabu.

Kinachosaidia mwili kuitoa sodiamu ni potasiamu. Mtu mzima anahitaji kama miligramu 3,500 kwa siku: ndizi, muhogo, viazi vitamu, kunde, parachichi, mboga. Kikombe kimoja cha maji ya dafu kina takriban miligramu 600, na kwa anayetoka jasho juani bandarini au kwenye bodaboda dafu lashinda soda. Lakini mwenye ugonjwa wa figo hukatazwa wingi huo, kwani potasiamu ikijaa kwenye damu huweza kuusimamisha moyo. Na baadhi ya dawa za presha huizuia isitoke. Huyo amuulize daktari kabla ya kufanya dafu kuwa mazoea. Mboga zake zichemshwe na maji yamwagwe, wakati sisi wengine twapaswa kuyatia kwenye mchuzi, maana potasiamu na magnesiamu huyeyukia humo.

Hatua ya 6: Mifupa

Mtu mzima anahitaji kama miligramu 1,000 za kalsiamu kwa siku, na mama aliyepita miaka 50 kama 1,200. Gilasi ya maziwa au maziwa lala hutoa karibu 300. Dagaa wanaoliwa na miba yao hutoa kalsiamu nyingi, na ufuta usiokobolewa pia. Kwa mboga, jua hili: spinachi na mchicha zina kalsiamu nyingi kwenye hesabu, lakini zina okisaleti inayoifunga. Kwa ajili ya mifupa sukuma wiki na kabeji zina faida zaidi. Mchicha ubaki mezani kwa mema yake mengine.

Kalsiamu bila vitamini D haiingii vizuri, na vitamini D hutokana na jua. Mji wa jua kama huu bado una watu wasiolipata: wazee wanaoshinda ndani, watoto wa vyumba vya ghorofani, kina mama ambao wakitoka huwa wamejistiri mwili mzima. Tumia uani au sakafu ya juu ya nyumba asubuhi, mikono na miguu iguswe na jua bila kizuizi. Na mifupa hutaka kazi, tembea.

Magnesiamu haina haja ya maneno mengi. Ukila kunde, korosho, mtama, na unga wa mahindi usiokobolewa, umeipata.

Hatua ya 7: Mtoto anapohara, usisahau zinki

Zinki husaidia kinga, ukuaji na kupona kwa vidonda. Chaza, nyama na kunde ndizo njia zake za kila siku. Lakini mtoto akiharisha anaipoteza kwa wingi. Mwaka 2004 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walishauri apewe maji ya chumvichumvi ya pakiti (ORS) pamoja na zinki: miligramu 20 kila siku kwa siku 10 hadi 14, na miligramu 10 kwa aliye chini ya miezi 6. Wazazi wengi huacha siku ya tatu kuhara kukikatika. Maliza siku zote. Zinki hiyo humkinga asirudiwe upesi. Ukiona macho yamedidimia, mtoto hawezi kunywa, au choo kina damu, usingoje, nenda hospitali.

Hatua ya 8: Ukipewa vidonge

Wajawazito hupewa kliniki kidonge chenye miligramu 60 za chuma na mikrogramu 400 za asidi ya foliki, kimoja kila siku. Kinywewe kwa maji au juisi ya ndimu, kamwe si kwa chai wala maziwa. Kinyesi kitakuwa cheusi. Hiyo ni kawaida. Kichefuchefu kikizidi, kimeze usiku baada ya chakula, na umwambie muuguzi badala ya kukiacha kimyakimya. Kwa asiye na mimba, daktari huweza kukubali kidonge kimoja siku moja na kuruka inayofuata, na mwili bado ukakipokea vizuri.

Usimeze chuma pamoja na kalsiamu. Kimoja asubuhi, kingine jioni. Dawa ya tezi ya shingo iachanishwe na vyote viwili kwa saa 4, na ukiandikiwa antibiotiki mweleze mfamasia kwamba unatumia chuma, kwani baadhi yake hushikana nacho zisifanye kazi.

Rudi upimwe baada ya mwezi. Himoglobini isipopanda, kuna damu inayotoka mahali, au kuna sababu nyingine ambayo haijagunduliwa, na kuongeza vidonge hakutasaidia. Ikifika kiwango chake, endelea kwa miezi 3 zaidi ili akiba ijae. Muda wote huo chupa iwekwe juu ambako mtoto hafiki: vidonge vichache vya chuma, ambavyo yeye huvidhania peremende, vinaweza kumuua.